Kufuli Halina Saa

Mjadala kwenye chaja ya magari, orofa ya chini, Nairobi

Nianze kwa kukiri: mshtakiwa ni mimi. Gari ni Nissan Leaf ya 2014, mtumba kutoka Japani. Asubuhi ile nililichomeka kwenye nguzo ya chaja chini ya jengo moja la maduka na ofisi, nikapanda lifti kwenda mkutanoni, simu nikainyamazisha. Niliposhuka saa nane na nusu niliwakuta watu wanne wamelizunguka kama jamaa waliokuja kudai deni. Gari lilikuwa limejaa tangu saa sita. Waya ulikuwa umefungwa pande zote mbili, kwenye nguzo na kwenye pua ya gari. Nguzo ya pili ilibandikwa karatasi kwa selotepu: MBOVU.

Yaliyosemwa siku ile siyakumbuki neno kwa neno, na mengine niliyasikia siku nyingine, kwenye foleni nyingine. Nimeyapanga hapa kama mjadala, kila sauti kwa kazi yake. Kiti cha mwenyekiti nimekikalia mwenyewe, ingawa mshtakiwa hafai kuwa hakimu.

Hoja: *Aliyefunga waya wake kwenye chaja ya umma ana haki ya kuuacha umefungwa mpaka atakaporudi.*

DEREVA WA TEKSI: Mimi sina mengi. Nimefika hapa saa sita na nusu, betri asilimia 11. Mwenzangu wa petroli akikaukiwa anaingia kituo chochote, dakika tano ametoka. Mimi nimesimama saa mbili nikilitazama gari lililoshiba. Abiria watatu wameniita, wote nimewakataa.

Si kungoja kunakoniuma, bosi. Kungoja nimezoea. Mtaani kwetu maji huja siku mbili kwa wiki, na siku hiyo foleni ya mitungi hutoka mferejini hadi barabarani. Mwenye mtungi haketi hapo. Anakwenda kununua sukuma, anarudi. Mtungi wake ukijaa, aliye nyuma yake anautoa, anaufunga kifuniko, anauweka kando, anatega wake. Sijasikia mtu akiitwa mwizi kwa sababu hiyo. Atakayesemwa ni yule aliyeuacha mtungi wa jirani ufurike huku akijidai anamngoja mwenyewe. Sasa hapa mtungi umejaa, na mfereji umetiwa kufuli. Hayo ndiyo yanayoniuma.

MAMA MWENYE GARI: Kaka, pole, na naisema pole hiyo kwa dhati. Lakini gari si mtungi wa lita 20. Mwaka jana niliacha langu likichaji kwenye nguzo yenye waya wake wa kudumu, nikaenda kumwona daktari. Niliporudi plagi ilikuwa imechomolewa, kifuniko cha tundu kiko wazi, na waya uleule uko kwenye gari la mtu mwingine. Langu lilikuwa asilimia 38. Aliyechomoa alikuwa na haraka yake, kama wewe leo, na nina hakika alikuwa na sababu nzuri tu. Mimi nilikuwa na watoto wawili na safari ya kurudi Ruiru, jioni, Thika Road imeshikana. Nilizima kipoza hewa, nikazima redio, nikaendesha nikihesabu asilimia kama anayehesabu pumzi za mgonjwa. Tangu siku hiyo nafunga, na simwombi mtu radhi.

DEREVA: Huyo alichomoa ambacho hakijajaa. Huyo ni mwizi, mama. Usinitie kwenye kapu lake.

MAMA: Nitamjuaje mwizi na asiye mwizi nikiwa orofa ya sita? Kufuli halibagui, na ndiyo maana nalipenda.

MWENYEKITI: Fundi, tueleze kwanza. Tunabishania kufuli ambalo wengi wetu hatujawahi kuliona.

FUNDI: Hamjaliona kwa sababu liko ndani. Tundu la gari hili ni lile wanaloliita aina ya kwanza, la Japani na Marekani. Plagi yake inashikwa na ndoano yenye kitufe juu ya mpini. Ukibonyeza kitufe, gari linapata ishara na kukata mkondo kabla hujavuta, kwa hiyo stima haitakurusha. Leaf za mwanzo kabisa hazikuwa na kufuli lolote hapo. Mtoto wa shule angeweza kuchomoa. Wenyewe wakawa wanapitisha kufuli dogo, kama la sanduku la bweni, kwenye ndoano. Matoleo yaliyofuata yakaja na kipini kinachoizuia ndoano isiinuke.

Aina ya pili asili yake ni Ujerumani, na mwaka 2014 Umoja wa Ulaya uliifanya kiwango cha nchi zake. Hapo kufuli ni sehemu ya mpango tangu mwanzo: gari linashika ncha moja ya waya, nguzo inashika nyingine. Kwenye chaja za kasi, iwe CHAdeMO ya Wajapani au CCS ya Ulaya, plagi haitoki kabisa umeme ukiwa unapita. Ule ni mkondo mnyoofu wenye nguvu, ukichomolewa katikati cheche yake haizimiki kwa kupulizwa. Kwa hiyo tusiseme kufuli limebuniwa na wachoyo. Limebuniwa kwa usalama, na kwa ajili ya wezi.

MAMA: Sikieni hilo la wezi. Waya huu ni shaba tupu. Mmesahau Januari 2022, minara ya umeme ilipoanguka Embakasi kwa hujuma na nchi nzima ikaingia gizani, hadi Rais Kenyatta akapiga marufuku biashara ya vyuma chakavu? Mtu anayethubutu kufungua boliti za mnara wa umeme ataogopa waya wangu wa mita tano?

DEREVA: Ulinde waya wako, mama, sina neno. Ila saa sita mpaka saa nane na nusu, huyu bwana alikuwa akilinda waya au alikuwa akilinda nafasi?

Hapo walinigeukia wote. Nilisema ukweli: sikuwa nikilinda chochote. Nilikuwa nimesahau.

FUNDI: Na kuna jingine usilolijua, bwana mwenye gari. Nguzo hii inaweza kutoa kilowati 22. Chaja iliyo ndani ya gari lako inameza takriban 3 tu. Betri yako ni ya kilowati-saa 24 ilipokuwa mpya. Ikiwa tupu inahitaji saa nane hivi. Umeketi na kijiko cha chai kwenye sufuria ya arusi.

DEREVA: Mwambie aende chaja ya kasi!

FUNDI: Akienda kila siku ataiua betri. Leaf haina mfumo wa maji wa kuipoza betri. Moto wa chaja ya kasi unabaki humo humo. Na hata huko kuna adabu yake. Betri huvuta kwa nguvu hadi kufikia asilimia 80 hivi, kisha mwendo unashuka. Asilimia 20 za mwisho zinaingia tone kwa tone, na zinaweza kukuchukulia muda kama ule wa 80 za kwanza. Anayeng'ang'ania mia kwa mia kwenye chaja ya kasi, na watu wako nyuma yake, anakula nafasi kuliko anavyokula umeme. Wajapani walioanzisha CHAdeMO mwaka 2010 walilichezea jina hilo: kwao linakaribiana na maneno ya kumkaribisha mtu chai. Maana yake, muda wa kuchaji ni muda wa kunywa kikombe kimoja.

DEREVA: Kikombe kimoja. Huyu amekunywa birika, akalala na kiti.

KIJANA WA BODA YA UMEME: Samahani wazee wangu, mimi nimeleta mzigo tu, lakini nimewasikia tangu kwenye ngazi. Sisi ugomvi huu hatuna. Betri ikiisha naingia kituoni, natoa iliyokufa, natia iliyojaa, dakika mbili niko barabarani. Hakuna anayemngoja mwenziwe.

FUNDI: Yako unaibeba kwa mkono mmoja, kijana. Ya gari hili ina karibu kilo 300.

KIJANA: Basi tuseme hivi. Kituoni kwetu betri si yangu wala si yako, ndiyo maana hakuna anayeifunga. Nyinyi mna nguzo ya wote na waya wa mmoja. Ugomvi umeingilia hapo.

Alivaa kofia yake ngumu akaenda zake. Nimelirudia neno lake mara nyingi, kwa sababu hapo penye kukutana cha wote na cha mmoja ndipo adabu inapohitajika. Maji ya mfereji ni ya wote, mtungi ni wa mmoja, na katikati kuna desturi iliyokomaa kwa miaka mingi hata haihitaji kuandikwa ukutani. Chaja hazina miaka mingi. Zilikuja Nairobi juzi tu, na wengi wetu tulianza kuziona kwenye maegesho ya maduka makubwa wakati teksi za umeme za Nopea zilipokuwa zikizunguka mjini, kuanzia 2018 hadi kampuni ilipofunga mwaka 2022. Aprili 2023 iliwekwa hata bei maalumu ya stima ya magari, wakati huo shilingi 16 kwa uniti mchana na 8 usiku, kabla ya kodi na tozo. Bei tumeshapangiwa. Desturi bado, na hakuna atakayetupangia.

MWENYEKITI: Askari, wewe uko hapa kutwa. Unaona nini?

ASKARI WA MAEGESHO: Naona kuku mgeni, mkubwa, na kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Haya magari yenu yana kamba, na kila siku naitwa kuifungua. Mwenye teksi ananiambia, "Soja, mwite mwenyewe." Nitamwita wapi? Jengo lina orofa kumi na mbili. Mwingine ananiambia, "Chomoa, nitakupa ya chai." Nikichomoa na gari likaharibika, nani atapoteza kazi? Na kuna wa petroli, anaegesha hapo kwenye chaja kwa sababu ni karibu na lifti. Nikimwambia, ananiuliza kama najua yeye ni nani.

Kuna siku mama mmoja aliandika namba ya simu kwenye karatasi, akaiweka chini ya kioo cha mbele. Nilimpigia, akashuka dakika tatu. Nikasema, kumbe dawa ni hii.

MAMA: Dawa kwako, baba. Mimi niliiweka namba yangu kwenye kioo wiki moja tu. Simu za usiku nilizopigiwa si za watu wanaotafuta chaja. "Nimeliona gari lako, mrembo." Anajua gari, anajua ninapoegesha, sasa anayo na namba. Mwanamume anaweza kuiandika namba yake kwenye kioo kama tangazo la kuuza gari. Mimi siwezi.

Maegesho yalinyamaza kidogo. Dereva alikuwa wa kwanza kusema, na alisema kwa sauti ya chini.

DEREVA: Hilo sikulifikiria. Nina dada. Basi usiandike namba, andika saa.

MAMA: Saa?

DEREVA: Saa utakayoondoka. "Naondoka saa nane na nusu." Kama ningeikuta karatasi hiyo leo ningekwenda Ngara kula, nikarudi. Ama ningetafuta chaja nyingine. Simu sikuihitaji, nilihitaji kujua ninangoja nini. Mtu anaweza kungoja saa nzima akijua ni saa nzima.

Hapo, kwa mara ya kwanza siku ile, pande mbili zilitikisa kichwa pamoja. Lakini fundi hakuwa amemaliza, na mafundi hawapendi mambo yaishe kabla hawajafungua boneti.

FUNDI: Bwana mwenye gari, menyu ya gari lako ni ya Kijapani?

MWENYEKITI: Ni ya Kijapani. Sijawahi kuielewa.

FUNDI: Hii swichi huhitaji Kijapani. Ni ya kufuli la waya, na ina mipangilio mitatu. Wa kwanza unafunga moja kwa moja. Wa pili unaacha wazi. Wa tatu unafunga gari linapochaji, na chaji ikijaa unafungua wenyewe. Yako iko kwenye wa kwanza, na pengine iko hapo tangu gari lilipoteremka Mombasa. Aliyeliunda gari alijua habari ya mtungi uliojaa. Alikuwekea desturi ya mferejini ndani ya swichi.

DEREVA: Tumemaliza mjadala!

FUNDI: Hatujamaliza. Itazame nguzo hii. Haina waya wa kudumu, ina soketi, na kila mtu anakuja na waya wake. Tuseme swichi iko kwenye mpangilio wa tatu, gari limejaa, ncha ya gari imefunguka, wewe umechomoa. Upande wa nguzo bado waya wake umeshikwa mpaka mwenyewe aguse kwa kadi. Huna pa kuchomeka wa kwako. Na nguzo nyingine, gari likichomolewa, zinaachia waya papo hapo. Hapo wewe utachaji, ila waya wa mwenzako utakuwa sakafuni ukimngoja mwenye gunia. Kwenye chaja yenye waya wa kudumu swichi ile inatosha, mradi waya ufike nafasi ya pili. Kwenye nguzo ya soketi, mashine haiwezi kuwapatanisha.

MAMA: Basi watoze faini. Ng'ambo wanatoza.

FUNDI: Tesla walianza Desemba 2016. Gari likijaa na mwenyewe asiondoke, ada inahesabiwa kwa dakika. Ila haihesabiwi kama kituo hakijafika nusu ya nafasi zake. Kama hakuna unayemzuia, hudaiwi.

DEREVA: Mwenye pesa atalipa na atakaa. Ada haina haya.

ASKARI: Mimi nina daftari la magari yanayoingia. Niandikieni humo. Namba ya gari, saa ya kuondoka, na simu. Simu haitoki kwenye daftari langu. Saa ikipita nitakuflash. Usiponipigia nitajua wewe ni mtu wa aina gani, na kesho nitakuonyesha nafasi iliyo mbali na lifti.

MAMA: Daftari lako nitaliandikia, baba. Kioo, hapana.

Sasa nitoe uamuzi, kama mshtakiwa anaruhusiwa kujihukumu.

Upande wa mama una haki juu ya kufuli. Gari likiwa bado linachaji, hakuna haraka ya mtu yeyote inayompa ruhusa ya kugusa plagi. Kwenye Leaf kuna taa tatu za buluu juu ya dashibodi, zinaonekana kupitia kioo cha mbele. Moja ikimemeta, mtu bado anakunywa, usimnyang'anye kikombe. Anayechomoa hapo hana la kujitetea, hata betri yake ikiwa asilimia moja, kwa sababu hajui mwenzake anakwenda Ruiru au anakwenda ng'ambo ya barabara.

Upande wa dereva una haki juu ya saa. Haki ya kufunga inaisha chaji inapoisha. Kinachobaki baada ya hapo si ulinzi tena. Ni kukalia cha watu. Kufuli linamjua mwizi na jirani kwa namna moja, halijui mtungi ukiwa nusu wala ukifurika. Saa anayo mwenye gari peke yake, na amepanda nayo lifti.

Kwa hiyo hoja, kama ilivyosomwa, nimeiangusha. Funga waya, lakini uache saa. Iache kwenye karatasi au kwenye daftari la askari, na ikifika uwe umeshuka. Ukijua mkutano wako hauna mwisho, usichomeke asubuhi kwenye nguzo ya watu. Kachaji nyumbani usiku, ikiwa una pa kuchomeka. Waya wa kudumu uurudishe kwenye ndoano yake, usiuache chini ukanyagwe na matairi. Na wewe wa petroli, lifti si mbali.

Kuna pingamizi moja ambalo sikuweza kulijibu, na askari ndiye aliyelileta wakati wengine wameshaanza kutawanyika. Aliniuliza nani atakayemlipia salio la simu, na daftari likipotea nani atakayelaumiwa. Tulikuwa tumempa kazi ya pili bila kumuuliza mshahara wake wa kwanza unamtosha. Mferejini kwa dereva hakuna askari, na bado mitungi inasogea. Sisi wa chini ya jengo, wenye magari na kadi na programu za simu, tulikuwa tumeshindwa kusogezana bila kumtwika mtu mwingine.

Niligusa nguzo kwa kadi. Ncha ya kwanza ikalia tak, nikaizungukia ya pili. Dereva alikuwa ameshalisogeza gari lake mpaka karibu kunigusa bampa, waya wake begani. Aliniambia, "Asante, mkubwa," na sikuona kwamba ananidhihaki. Kisha akainama, akachomeka, akachukua kipande cha boksi la biskuti kutoka kitini na kalamu iliyokuwa nyuma ya sikio. Aliandika kwa herufi kubwa, akakitegemeza ndani ya kioo: *SAA KUMI NA MOJA.*

Nyuma yake alikuwa ameshafika mtu mwingine. Alishusha kioo, akakisoma kile kipande cha boksi, akaitazama saa yake, akageuza gari akaenda zake bila kuuliza neno.